Kitambaa cha Tochi

Binti yangu amefunika taa kwa leso nyekundu, na harufu ya kitambaa kinachopata moto imenipandisha hasira.

Baba alifanya kazi ya reli, nasi tukiishi Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Kila likizo, kule msituni kwao, aliongoza wageni usiku kutazama wanyama. Tochi aliifunga kipande cha bendera nyekundu ya kazini, mwanga usiwaumize wanyama macho.

Usiku mmoja tulimwona komba juu ya mti, amebeba mtoto mgongoni. Mgeni mmoja akamnyang'anya baba tochi, akang'oa kitambaa na kummulika komba machoni. Komba akaruka ovyo. Mtoto akaanguka.

“Samahani, bwana, ametoroka,” baba akamwambia mgeni.

Samahani ya nini, baba? Kwa kitambaa kile ulikuwa ukisimamisha treni nzima!