Springi za Pikapu ya Shabani

Mafundi wa Mtendeni walisema sitamaliza mwezi. "Amekwenda Dar kusomea makaratasi," walicheka. "Mkono wake haujui grisi." Mimi nilikuwa nimerudi Tabora na stashahada ya ufundi magari, niliyoipata kwa jasho langu na ng'ombe wa mama aliyeuzwa kwa ajili ya ada. Siku ya kwanza kazini, kwenye karakana ya malori ya tumbaku, niliitundika stashahada hiyo ukutani kabla sijavaa ovaroli.

Fundi Mkuu aliitazama, akanipa jeki yake.

"Haya, Injinia. Lori hili linapeleka mbolea Sikonge. Likirudi linabeba nini?"

"Linarudi tupu, mzee."

"Sasa springi utachagua za kwenda au za kurudi?"

"Za kwenda. Ndiko kwenye mzigo."

Akacheka kidogo, akaenda zake. Sikumuuliza alichocheka.

Nilipofungua karakana yangu mwenyewe, Fundi Mkuu aliniazima jeki ile. Gari la kuonyeshea kazi sikuwa nalo, na hakuna aliyeniamini na lake isipokuwa jirani yangu Shabani, aliyeniachia pikapu yake. Springi zake za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Niliongeza viwili kila upande. Akapakia mpunga hadi juu, akapita makorongo yote, gari halikulala nyuma hata kidogo. Wateja wakaja kutoka Nzega na Igunga. Nilijisifu, na nilikuwa na haki: sikumbuki springi yangu iliyokatika.

Mwaka huu mama aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika. Kijiji chetu kiko kwenye njia ya zamani ya misafara, kabla ya Urambo, na kutoka barabara kuu ni mashimo matupu. Shabani alikwenda kumchukua, akamlaza nyuma kwenye godoro. Mimi nilisubiri hospitali, Kitete.

Alifungua mlango wa nyuma bila kunisalimu. Mama alikuwa ameuma khanga mpaka imechanika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Nani alilitengeneza gari hili? Kila shimo linanirusha juu."

Shabani alinitazama. Mimi ninayemtajia jina langu kila mteja, nilikimbilia kuita machela.

Daktari alisema nyonga kwa umri ule ni jambo zito. Gari hakulitaja. Wiki ya tatu tulimzika.

Vijana mnaoanza kazi hii, springi hubeba uzito, shokapu huituliza isiendelee kuruka. Springi ngumu kwenye gari tupu haikunjiki. Pigo lote la shimo humfikia aliyemo. Kabla hujamuuzia mteja chochote, muulize siku nyingi anabeba nini, na siku mbaya atambeba nani.

Baada ya arobaini niliamua kufunga karakana. Kazi ya mwisho ilikuwa pikapu ile. Nilitoa vyuma nilivyoongeza, nikaweka kimoja kifupi chini kabisa, kisichoguswa mpaka mzigo uwe mkubwa, na shokapu mpya. Halafu nilimpelekea Fundi Mkuu jeki yake, nyumbani kwake Ipuli.

"Umeshajua nilichocheka?" akauliza.

"Nimejua, mzee."

"Pole sana, mwanangu."

Siku hiyohiyo nilimkabidhi Shabani gari lake. Katika walioniazima alibaki mama na ng'ombe wake, na kwake sikuwa na mahali pa kurudisha. Nikatandika godoro lile nyuma.

"Injinia, unafanya nini?"

"Nipeleke kijijini. Usikwepe shimo."

Nililala chali njia nzima. Tulipoacha barabara kuu nilishika pembe za godoro kwa mikono miwili. Gari lilizama shimoni, likainuka taratibu, likatulia. La pili vivyo hivyo. La tatu sikuweza tena kujizuia, nikalia kwa sauti. Shabani akafunga breki, akaja nyuma mbio.

"Limekuumiza wapi?"

"Halijaniumiza," nikamwambia. "Halijaniumiza popote, Shabani."