Khadra Apumua Kwenye Taar

Garissa nzima ilimjua Khadra, muuza maziwa ya ngamia, kwa ulimi wake. Aliweza kugombana na wachinjaji watatu kwa mpigo na sauti isimkauke. Lakini mwaka 1996 alishindwa na kitu kidogo kama kipande cha sabuni: kipaza sauti cha taar, ile redio ya mawasiliano ambayo watu wa huku walizungumzia na jamaa zao wa mbali.

Binti yake Weris alikuwa Mandera na mimba ya kwanza, na hofu ya kujifungua ilikuwa imemnyima usingizi. Aliomba kitu kimoja tu, asikie sauti ya mama. Mara mbili Khadra aliingia kibanda cha taar, na mara mbili, alipoona foleni nzima imetega masikio, moyo ulimwenda mbio, ulimi ukamganda, akatoka mkuku. Mara ya pili aliacha ndala moja.

"Ni bresha, dada. Nakufa, walahi," alimwambia Roda, muuguzi wa zahanati.

Roda alimpima, akacheka. "Presha yako ni ya msichana. Ubongo ni kama mlinzi mwoga, mama. Akisikia kijiti kimevunjika, anapiga kelele 'fisi!' kabla hajaangalia. Moyo unadunda, jasho linakutoka, nawe unaamini fisi yupo. Usigombane naye. Vuta pumzi, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Akiona mwili umetulia, naye atatulia."

Usigombane! Kwa Khadra, hiyo ndiyo ilikuwa dawa chungu.

Mara ya tatu, Abdijabar, mwenye taar, alimkumbusha: "Eddo, shangazi yangu, bonyeza uongee, achia usikie." Khadra akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akabonyeza, na maneno yakamkimbia tena. Akakumbuka pumzi. Akavuta, akatoa. Akavuta, akatoa. Kitufe hakukiachia. Kila taar iliyokuwa wazi, Habaswein hadi Mandera, ilimsikia mama mzima akihema kama ngamia aliyepakiwa kupita kiasi. Foleni ikaangua kicheko.

Abdijabar alimbandua vidole kimoja kimoja. Khadra aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Hata neno moja hakumpa mtoto wake.

Redio ikakwaruza, kisha ikaja sauti ya Weris, imelegea kama ya mtu anayeanza kusinzia.

"Hooyo, mama, mbona umeacha? Nilikuwa nahema na wewe. Bonyeza tena."

Khadra akabonyeza.