Kasha la Bluu na Mbegu za Mama

Mwanangu, siku niliyotoka Tunduma na kasha la bluu kichwani naikumbuka vizuri, maana siku ile nilijiona mtu. Nimesikia unatafuta makasha ya kuwekea vitu kwenye stoo yako mpya, na unataka yaliyo imara. Ni jambo jema. Lakini kaa kidogo nikusimulie, halafu ndiyo uende dukani.

Nilikuwa kijana, napakia na kupakua mizigo pale mpakani. Nyumbani Iyula mama alikuwa na stoo ya udongo, na humo ndani sanduku la mbao alimotunzia mbegu zake za maharage. Yalikuwa maharage madogo, ya kijivu, yenye madoa mekundu. Mbegu alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kila mwaka alizianika, akazichanganya na majivu, akazifungia mle. Majirani walishahamia maharage yanayopendwa na wanunuzi, kwa hiyo mbegu ile alibaki nayo yeye peke yake. Sasa mchwa walikuwa wameshalitoboa lile sanduku, nami nikaapa kumletea chombo ambacho mchwa hawakiwezi.

Unajua malori yaendayo Zambia na Kongo yanavyoacha vyombo vitupu pale mpakani, na watu wanaviuza. Nikaona kasha la plastiki nene, kifuniko kina mpira, vishikio vya chuma. Nikapanda juu yake nikaruka, halikunesa. Muuzaji akacheka, akasema, "Mdogo wangu, hilo watalirithi wajukuu zako." Kizuri chajiuza, nikalibeba. Ndani lilikuwa na harufu kali kidogo. Nililisugua kwa sabuni na mchanga mpaka nikaridhika, na kijana huridhika upesi.

Mama alilizunguka, akaingiza kichwa ndani, akanusa.

"Lilibeba nini?"

"Mama, hili hata gari likilikanyaga halipasuki."

"Sijauliza hilo, baba. Nimeuliza lilibeba nini."

Sikujua. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuwa nimemuuliza muuzaji, na niliona aibu kukiri mbele ya mama. Nikamwambia lilibeba sabuni. Akaniamini kwa kuwa mimi ni mwanawe. Nikamimina mbegu zote humo, na sanduku la zamani nikalipasua kuni.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mama akapanda. Mahindi yakaota, maharage yakakataa. Akasubiri wiki mbili, kisha akafukua mashimo, akakuta mbegu zimeoza. Akarudi stoo, akachota punje zilizobaki chini ya kasha, akaziweka kwenye kitambaa kibichi. Hakuna hata moja iliyochipua. Akanisogezea kiganja ninuse, na harufu ilikuwa ileile niliyoisugua kwa mchanga.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia hujui, ningeziweka kwenye kibuyu." Heri angenichapa. Wanasema penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee naye akidanganywa atafanya nini? Mpaka leo sijui lile kasha lilibeba nini.

Miaka ikapita. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, chakula kikamshinda, akaniomba kitu kimoja: maharage ya mama yake. Nilizunguka masoko yote, nikafika hadi Msangano, nikauliza hata kwa ndugu zake wanaoishi milimani. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikarudi na maharage mengine yanayofanana kidogo, nikampikia mwenyewe. Akala vijiko viwili, akasema, "Ndiyo haya, mwanangu. Asante." Alijua si yenyewe. Alinidanganya kwa huruma, nami nilitoka nje nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Basi sikiliza. Kwa spana na misumari chukua sanduku la chuma, dogo unaloweza kulinyanyua mwenyewe likijaa, na ulikague chini kabla ya kutazama kifuniko, maana sanduku hufia chini. Dawa za shamba zipe kasha lake, lenye kufuli, lisichangie hata rafu na mbegu. Na chombo kilichotumika, hata kiwe imara namna gani, uliza kilibeba nini. Kifunge, kianike juani mchana kutwa, kisha ukifungue na kunusa. Ukikosa jibu, kiache hapohapo.

Na mzazi wako akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui. Aibu yake ni ya jioni moja tu. Mimi yangu naibeba mwaka wa arobaini huu.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu ailinde stoo yako na mikono yako, na wazazi wako wale mavuno yako wakiwa hai.