Chakula Kisichoonjwa

Wifi yangu Geum-rye nusura anitie wazimu. Baridi ilipoisha alianza kupungua vizuri, sketi zikampwaya, kisha mzani ukagoma. Wiki nenda wiki rudi, namba ileile. Na shida haikuwa urembo. Magoti yake yalikuwa hayawezi tena mlima, na kaka yangu, mumewe, amezikwa mlimani. Sikukuu ya mavuno iliyopita sote tulipanda kaburini, yeye akabaki barabarani, akamwinamia kwa mbali. Aliapa kwamba hilo halitajirudia.

Basi kiangazi nikamkokota kwa daktari Pyo, wa dawa za asili, hapa Jeonju. Akampima mapigo mikono yote miwili, akamchomeka visindano vyembamba tumboni, akampikia dawa ya mizizi, chungu ajabu. Mzani? Kimya.

Tukarudi kwake.

"Unakula nini, mama?" daktari akauliza tena.

"Uji wa mchele na mboga. Si umuulize huyu!"

Uvumilivu ukanishinda. "Daktari, huyu anauza vitoweo sokoni! Kutwa anadokoa kimchi ya kabichi, anachota mchuzi, anamega samaki!"

"Naonja, wewe! Tangu lini kuonja kukawa kula? Nitauzaje kitu nisichojua chumvi yake?"

Nilitamani kumchapa na kijiko chake mwenyewe.

Daktari hakucheka. "Na chakula cha kumwandalia marehemu mumeo siku ya tambiko, unakionja?"

"Toba! Wa kwanza kula ni yeye. Nani anaonja chakula cha marehemu?"

"Chumvi huwa inakosea?"

Geum-rye akatikisa kichwa shingo upande.

"Basi pika kila siku kama unampikia yeye. Dawa endelea nayo, lakini haiwezi kushindana na kijiko chako."

Mwanzoni alikuwa hashikiki. Alinifokea mimi, akafokea mpaka figili. Mara kwa mara nilimnyang'anya kijiko kikiwa mdomoni. Lakini mzani ukalegea.

Sikukuu ilipofika, tulipanda. Alisimama kila mara, akatukana mawe, akanitukana mimi niliyemshika mkono, na akafika. Akapanga vyakula mbele ya kaburi, akainama mpaka chini. Akakawia kuinuka. Nikadhani ni magoti.

"Baba Jin-u," alisema, uso ungali majanini, "tangu kiangazi nakupikia wewe tu, kila siku. Haya, niambie kama chumvi imekolea."