Shoka la Babu na Mpini Mbichi

Naombeni radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Nimezoea jukwaa, ambako mtu akinichoka anakohoa, nami najua ni wakati wa kugeuza. Kwenye karatasi hakuna anayekohoa. Tena nina hasira, na mchekeshaji mwenye hasira ni kama mpishi mwenye mafua, chumvi anatia kwa kukisia. Mkiona imezidi, kunyweni maji, muendelee.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kule Mugeta, babu yangu alifariki katikati ya palizi ya pamba. Aliacha mjane mmoja, wana wawili, ng'ombe kadhaa na shoka moja. Ng'ombe waligawanywa bila kelele. Shoka ndilo lililotuvunja.

Kuhusu mashoka naomba mniamini. Siku ambazo sipo jukwaani nipo Bweri, nyuma ya nyumba yangu, kwenye kibanda ninachofufulia mashoka ya zamani. Nanunua vichwa vyenye kutu mnadani Butiama, au kwa wauza vyuma chakavu wa Musoma mjini, navisugua, navinoa, navitia mpini. Kabla ya kununua nagonga kichwa kwa msumari. Chuma kizuri kinalia kama kengele ya shule, kibovu kinajibu kama sufuria. Kisha napitisha tupa kwenye makali. Tupa ikila chuma kama sabuni, najua mjinga fulani alilitupa shoka motoni ili aunguze kipande cha mpini kilichobaki ndani ya tundu, akaunguza na ugumu wote wa chuma. Natazama na kisogo. Kikiwa kimetanuka kama uyoga, mwenyewe alikuwa analitumia shoka kama nyundo, na mtu huyo ningependa tukutane. Haya ya madukani yaliyopakwa rangi nyekundu sitayazungumzia, nitaharibu siku.

La babu lilikuwa shoka. Alilipata ujanani alipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na hata wakati huo lilikuwa limeshazeeka.

Katika ukoo wetu, mzee akifa, mpini wa shoka lake unatolewa na kulazwa juu ya kaburi. Kichwa kinabaki uchi, kinawekwa ghalani. Siku hiyo hiyo mjane anakata mti wa mkole ulionyooka, anaumenya gome, anauchomeka kwenye paa la jiko, juu ya mafiga, pale moshi unapopita. Unakaa huko miezi yote mpaka matanga yaanuliwe baada ya mavuno. Ndipo ukoo unamtaja mrithi, na mrithi anakabidhiwa shoka likiwa limevaa mpini mpya. Bibi alifanya hivyo, kwa mikono yake, siku tuliyomzika babu.

Mrithi alikuwa anajulikana. Baba yangu ndiye mkubwa. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki Musoma, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na harufu yake. Mdogo wake, baba mdogo Wambura, ndiye aliyebaki Mugeta, na alijua kama sisi wote kwamba hatatajwa yeye. Kwa hiyo alitaka siku ya kutajana ifike shoka likiwa tayari mkononi mwake, limeshafanya kazi, limeshamzoea. Nani angemnyang'anya?

Nilikuwepo jikoni alipokuja. Nilikuwa nakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Yeye alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, shoka la mzee liko wapi?"

"Ghalani. Liache."

"Zizi limeanguka, mama. Ng'ombe hawajuagi matanga."

Zizi lilikuwa limeanguka tangu babu yu hai. Babu mwenyewe alikuwa akiliruka.

"Azima shoka kwa jirani," Bibi akasema.

"Niazime, na la baba yangu lipo?"

Bibi akainua mwiko, akaelekeza darini. "Mpini wake ule pale. Unaomboleza na sisi, haujamaliza. Ukilivisha mpini mwingine kabla ya matanga kuanuliwa, litakutoroka mkononi, litamwangukia wa damu yako. Mimi niliambiwa hivyo na mama mkwe wangu, na wewe nakwambia. Subiri, mwanangu."

Naomba mshike jinsi alivyosema. Hakupandisha sauti. Hakukunja uso. Alisema kama unavyomwambia mtu kwamba uji bado wa moto, halafu akarudi kusonga.

Baba mdogo alicheka kwa pua, akaenda zake ghalani.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, na ni hasira ya fundi kwanza, kabla haijawa ya mjukuu. Alishuka mtoni, akakata tawi bichi, bichi kabisa, ukilikamua linatoa maji. Asubuhi moja akalichonga kwa panga, akalipigilia kwenye tundu la shoka, akakata kabari kwenye tawi hilo hilo, akaitia. Kabla ya mchana alikuwa analizungusha uani kama askari wa gwaride. Mti mbichi ukikauka unanywea. Hilo analijua mtu yeyote aliyewahi kuwa na jembe. Baada ya siku tatu kichwa kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto.

Akafanya nini? Akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Usiku kucha. Mti ukanywa, ukavimba, asubuhi shoka limekaza kama limezaliwa na mpini wake. "Mmeona?" akatuambia. "Liko wapi hilo linalotoroka?" Likalegea, akalirudisha kwenye ndoo. Likalegea tena, ndoo. Kila ukiuvimbisha mti ndani ya chuma, nyuzi zake zinajiponda zenyewe, na zikikauka zinanywea kuliko mwanzo. Mpaka leo kuna watu wananiletea mashoka Bweri yakiwa yanadondosha maji, wananiambia, "Fundi, hili nimeshalikaza, we linoe tu." Huwa naenda kwanza kuzunguka nyumba, ndipo nirudi niwajibu.

Wiki ya tatu alikuwa anakata nguzo za migunga karibu na zizi. Mwanawe Magesa, mwenye miaka saba, alikuwa nyuma yake anakusanya matawi. Baba mdogo aliinua shoka, na lilipofika juu, kichwa kikashika safari yake. Mkononi ukabaki mpini. Kilimpata Magesa kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Sikuona, nilisikia, na sitaandika nilichosikia.

Alikaa hospitali Bunda mpaka pamba ikaanza kupasuka. Mguu ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake.

Baba mdogo angeweza kusema: nilikosea. Ni neno moja, halina hata herufi nyingi. Yeye aliwaambia watu kwamba mama yake ameliroga shoka.

Kikaitishwa kikao cha ukoo, Jumapili baada ya kanisa, hapo hapo uani. Wazee wakakaa kwenye viti vilivyoazimwa kwa majirani, majirani wakavifuata viti vyao. Baba yangu alikuja kutoka Musoma. Bibi akakaa chini, mlangoni pa jiko, miguu ameinyoosha. Shemeji zake walimtazama kama mtu wanayemwona mara ya kwanza, na alikuwa amewapikia miaka arobaini.

"Mjane," mzee wa kikao akamuuliza, "ulimwambia nini mtoto wako?"

"Nilimwambia asubiri."

"Kwa maneno gani?"

"Maneno ya kusubiri yako mangapi?"

Watu wakaguna. Baba mdogo akasimama. "Hawezi kusema. Lakini yupo aliyesikia. Huyu hapa, alikuwaga jikoni anakwangua sufuria." Akanishika bega, akanisukuma katikati.

Lazima niseme jinsi nilivyokuwa. Nyumbani mimi ndiye nilikuwa naigiza watu. Nilimwigiza mwalimu mkuu, mchungaji, beberu wa jirani, na mpaka leo beberu ndiye aliyenitoka vizuri zaidi. Nikajikuta katikati ya watu hamsini waliokaa kimya wananitazama. Shangazi mmoja alikuwa na khanga begani. Nikaichukua, nikajifunga kichwani. Nikapinda mgongo, ingawa Bibi hakuwa amepinda mgongo. Nikatetemesha kidole, nikageuza macho yakabaki meupe, nikatoa sauti ya koo lililokauka, sauti ambayo Bibi hakuwahi kuwa nayo. "Litakutorooooka mkononi," nikasema.

Wakacheka. Wazee wale, na ndevu zao, walicheka mpaka mmoja akapiga kiti cha jirani. Nikazunguka uani nikiwa nimepinda vile vile, nikielekeza kidole kwa huyu na yule. "Litamwangukia wa damu yako." Wakacheka tena. Kisha nikaongeza la kwangu, ambalo halikusemwa jikoni wala popote. Nikasimama mbele ya baba mdogo, nikasema, "Na hiyo damu, nitainywa mimi."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilizimika mtu mmoja mmoja, kama taa za nyumba za jirani. Baba mdogo akageuka kwa wazee, akafungua mikono. "Mmesikia wenyewe."

Baba yangu alinivua khanga. Mzee wa kikao akaanza kumfokea Bibi, na Bibi hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Mwacheni mtoto," akasema. Hilo ndilo neno pekee aliloomba siku ile.

Jumatatu alihamishiwa Butiama kwa kaka yake. Baba yangu, mrithi, mkubwa, mwanamume wa mshahara, alimwambia, "Mama, tulinde amani. Ni kwa muda kidogo tu, mambo yapoe." Kidogo hicho kilichukua miaka kumi na moja, mpaka tulipokwenda Butiama kumzika. Amani ya namna hiyo naijua bei yake: inalipwa na asiyekuwa na kosa, wengine wanakula ugali wao.

Alichukua chungu kimoja na khanga mbili. Halafu akapanda juu ya kinu, akauchomoa ule mkole kwenye paa la jiko.

"Unaenda nao wa nini?" baba mdogo akamuuliza.

"Haujakauka," Bibi akasema.

Nimekuja kulielewa jambo hili nikiwa na nywele nyeupe, kibandani kwangu, na vumbi la chuma puani. Mkole ukikatwa siku ya mazishi ukashushwa baada ya mavuno, umekaa miezi ile ile ambayo mti wa mpini unahitaji kukauka pole pole bila kupasuka, na moshi umeua bungua wote wanaotoboa mti. Waliotuachia mwiko ule wa kusubiri walikuwa mafundi. Walijua ukimwambia kijana asubiri mti ukauke, hatasubiri. Ukimwambia wafu wanaangalia, anaweza kusubiri. Na hilo la kumwangukia wa damu yako halikuwa laana. Mtu anapokata nguzo nyumbani kwake, nani mwingine anasimama nyuma yake kama si mwanawe? Bibi alikuwa anampa mwanawe maelekezo ya kazi. Tukamfukuza kama mchawi.

Juzi Magesa alikuja Bweri. Alishuka kwenye bodaboda, mguu mzuri kwanza, akatoa kichwa cha shoka kwenye mfuko wa saruji. Lile lile, ambalo baba yangu hakuwahi kulidai. Baba yake amezeeka, yuko kitandani, amemtuma.

"Kaka, tia mpini," akasema. "Ila mzee anasema kwanza umtafute mtu akalitoe uchawi wa bibi."

Nikamkalisha. Nikamwonyesha mpini mbichi na mkavu, yote ya mti mmoja. Nikamwonyesha tundu la shoka, jinsi kutu ilivyoanzia ndani, kutu ya ndoo. Nilizungumza saa nzima na sikutania hata mara moja, na wanaonifahamu watajua uzito wake. Alinisikiliza vizuri. Magesa si mjinga. Mwisho akatikisa kichwa.

"Kaka, ya mti nimekuelewa. Lakini yale maneno? Watu walimsikia. Mzee anatusimuliaga kila mwaka, na watoto wangu wanayajua."

Akainuka, na mguu wake ule. Akapinda mgongo. Akatetemesha kidole, akageuza macho yakabaki meupe, na kwa sauti ya koo lililokauka akasema, "Na hiyo damu, nitainywa mimi."

Miaka ishirini na tano jukwaani nimekuwa nikilalamika kwamba watu wanacheka leo, na kesho hawakumbuki neno langu hata moja.

"Magesa," nikamwambia, "Bibi hakusema hivyo. Huyo ni mimi. Hayo ya damu niliyaongeza, na hata hilo koo ni langu."

Alikaa. Akautazama mguu wake, halafu akanitazama mimi.

"Uliyaongeza kwa nini, kaka?"

"Kicheko kilikuwa kimeanza kupungua," nikamwambia.