Pampu Isiyonyweshwa

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, Kaanaeli Sumari, fundi magari wa Sakina, aliua injini ya pikapu ya mama mkwe wake, mwenye gari akitazama.

Kijiweni kwake, kando ya barabara ya Nairobi, alikuwa akiitwa Nywesha. Jina lilitokana na agizo analowapa mafundi wenzake kila wanapofunga pampu ya oili: "Inyweshe kwanza." Pampu kavu haivuti. Isipojazwa oili kabla ya kufungwa, injini huwaka huku vyuma vikisagana vikavu.

Pikapu hiyo hushusha ndizi za mama mkwe huyo, Mama Tabitha, kutoka kijijini kwake Poli, na pampu yake ilikuwa imelika. Kaanaeli aliifungulia nyumbani kwa heshima: mama mkwe hakalishwi juu ya tairi kijiweni. Sebuleni aliondoa kitambaa kwenye meza ya kioo, akatandika msasa laini, akausugua mfuniko wa pampu taratibu mpaka michubuko ikaisha. Mkewe, Tabitha, akaleta chai. Mama mkwe akaomba aione pampu.

"Mkwe, hii ni ya gari au ya kabatini?"

Kaanaeli alicheka. Akaiosha tena kwa petroli, akaikausha kwa kitambaa safi, akamwonyesha ilivyong'aa. Kisha akatoka nayo uani, akaifunga vilevile, ikiwa kavu.

Injini iliwaka. Taa nyekundu ya oili haikuzimika.

"Na hiyo taa, baba?"

"Itazimika, mama."

Alikwishakumbuka kwamba hakuinywesha. Kuzima injini pale pale kungekuwa kukiri mbele ya mkwe, kwa hiyo akaiacha iungurume. Ikaanza kugonga, kisha ikakwama.

"Ni uzee tu," alisema Mama Tabitha. "Gari limechoka kama mimi. Usijilaumu, mwanangu."

Kaanaeli hakumsahihisha. Alimsindikiza hadi kituoni akimbebea kikapu, macho chini.

Jioni fundi mwenzake, Calvin, alikuja kuivuta pikapu. Alisikiliza maelezo, akatazama vikombe mezani.

"Nywesha, uliinywesha?"

Kaanaeli akaanza kukusanya vikombe.

"Aisee! Mkwe umempa chai, pampu ukainyima?"

Sasa kijiweni wanamwita Kavu. Anasema jina hilo analistahili, halimuumi. Kinachomuuma ni simu za kutoka Poli: mama mkwe humpigia kumpa pole, na kwenye sala za jumuiya amewaomba majirani wamwombee mkwe wake, aliyehangaika bure na gari bovu.

"Watu wazima wamepiga magoti kwa ajili yangu," anasema Kaanaeli, akifuta mikono ambayo tayari ni safi. "Na gari halikuwa bovu."

Mkewe anajua. Amekataa kumsemea.

Jumapili hii, baada ya ibada, Kaanaeli atapanda Poli kumwambia mama mkwe kwamba kosa lilikuwa lake.