Saini Isiyosomeka

Makarani wa mahakama walikuwa wakimcheka Wakili Verediana Tluway, wala hawakumficha. Kila akija na kesi, kabla ya kuingia ndani alikwenda chooni mara mbili. Hakuwa mgonjwa. Ni tumbo joto tu, alilokuwa nalo tangu siku ya kwanza alipovaa joho, na miaka haikulipoza.

Ofisi yake ilikuwa Mbulu mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, baridi tupu, sweta havui hata Januari. Kesi alizozijua zaidi ya wenzake ni zile ambazo mawakili wakubwa wa Arusha wanazikwepa. Mtu ameshitakiwa jinai, lakini ukiichimba kesi unakuta mzizi wake ni amri ya ofisa. Mtendaji wa kijiji kasema hama, mtu kagoma, mtu kapelekwa polisi. Mwendesha mashitaka anauliza kama mtu kagoma. Verediana anauliza nani alimpa mtendaji mamlaka ya kusema hama. Swali hilo moja lilikuwa limewatoa watu wengi mahabusu, naye alilipenda kama fundi anavyopenda nyundo yake.

Mwaka elfu mbili na saba akaja mzee Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig wa kule chini, tambarare za Gehandu, kutoka kijiji nisichokitaja maana wenyewe wapo. Alikuja na binti yake Fausta, aliyemaliza kidato cha nne na ndiye aliyemtafsiria. Verediana akasema shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akaketi, akaweka fimbo yake kati ya magoti. Alishitakiwa kwa kukaidi amri halali. Mtendaji alimpa siku saba aondoe ng'ombe kwenye malisho ya ukoo wake, kwamba sheria ndogo ya kijiji imeyafanya mashamba. Mzee hakuondoka. Akitiwa hatiani, kifungo kinaweza kufika miaka miwili.

Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na anakohoa. Fausta akaeleza kwamba baba haogopi jela. Anaogopa kufia humo. Mzee wa heshima kwao anajengewa kilima juu ya kaburi lake, koo zinakusanyika, sherehe inakwenda miezi. Anayefia gerezani atazikwa na serikali, juu juu, bila mtu wa kumwimbia.

Basi wakafungua makaratasi. Sheria ndogo ya kijiji haiwi sheria mpaka mkutano mkuu wa kijiji uipitishe, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Fausta akausoma muhtasari wa mkutano na kumtafsiria baba yake polepole, na alipotaja tarehe mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Tarehe hiyo ni siku ya mnada wa ng'ombe wa kila mwezi. Siku ya mnada, akasema, kijijini anabaki mbwa na mgonjwa. Mkutano gani huo wa watu mia mbili? Kosa hilo asingelifanya mtu wa kule. Aliyeandika alikuwa mtendaji mgeni, ametunga mkutano mezani, akachagua tarehe kama mtu anayechagua namba.

Verediana naye alicheka. Loo, kesi imekwisha! Akafunua ukurasa wa mwisho, ule wa halmashauri, akakuta maneno mawili, "Imehakikiwa. Sawa," na chini yake saini ya mwanasheria wa halmashauri. Saini ilikuwa mkwaruzo tu, hakuna aliyeweza kuisoma. Yeye aliisoma. Ilikuwa ya kwake.

Kabla ya kufungua ofisi alikuwa ameajiriwa na halmashauri hiyohiyo ya wilaya ya akina mzee miaka mitatu. Siku ya kusaini aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Ilikuwa Ijumaa, mwaka elfu mbili na nne. Mkoa mpya ulikuwa mchanga, makao makuu Babati yanataka taarifa, watu wenye matrekta wanazunguka wakitafuta ardhi, na mkubwa wake anataka sheria ndogo zote za vijiji zitoke mezani kabla ya jioni. Verediana alikuwa na lifti ya kwenda nyumbani Mbulu saa tisa. Alisaini zote bila kuinua kichwa. Tarehe ile hata angeisoma isingemwambia kitu, maana kwake, mtoto wa milimani, mnada wa tambarare ulikuwa vumbi na nyama choma.

Hakumwambia mzee. Alifunga faili, akawasindikiza mpaka stendi, akarudi akaufunua tena ukurasa ule.

Wiki mbili hakula vizuri. Mume wake Maximilian, mwalimu, mtu mpole asiyependa makuu, alimwambia mkwaruzo ule hakuna atakayeujua, atumie hoja ya mnada ashinde, yaishe. Verediana alitamani sana kumwamini. Alijua kwamba wakili hawezi kuwa wakili na shahidi katika kesi moja. Akisema kweli, atamwacha mzee peke yake mbele ya hakimu. Tena kamati ya mawakili itamwandikia barua ya kujieleza, pengine joho lenyewe liende. Asiposema, labda hoja ya mnada itatosha. Hilo "labda" alilala nalo na kuamka nalo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mama yake alipenda kusema akimchapa, na sasa maneno hayo yalimrudia kila alipokaa kimya.

Siku ya kesi alikwenda chooni mara nne.

Mambo yalianza vizuri. Fausta alisimama akaeleza habari ya mnada, na hakimu, mtu mzima asiye na haraka, akaandika. Lakini mwendesha mashitaka, Inspekta Alfredi, hakuwa mjinga. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwisha kusema kwenye ushahidi wake kwamba mkutano ulifanyika asubuhi na mapema, watu wakaenda mnadani baadaye. Sasa Alfredi akainua ukurasa ule wa mwisho. Mwanasheria wa halmashauri, akasema, mtu aliyesoma, asiye na ugomvi na mshitakiwa, alihakiki mkutano huu akaona uko sawa. Je, mahakama imwamini mwanasheria wa serikali au binti wa mshitakiwa?

Hakimu aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. Akamuuliza Verediana kama ana la kuongeza.

Verediana aliona hoja ya mnada imekufa, na aliyeiua ni yeye, kwa kalamu yake, Ijumaa moja akiwahi lifti. Alimtazama mzee Gidamis. Mzee hakuwa ameelewa kitu, alikuwa anakohoa ndani ya shuka yake ili asisumbue. Verediana aliona huruma na aibu kwa pamoja, na hofu ikiwa juu ya vyote. Akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "saini ile ni yangu. Naomba kujitoa kwenye utetezi ili mshitakiwa aniite kuwa shahidi."

Hakimu alimwonya kwamba atakayoyasema yanaweza kumgeukia mwenyewe, Verediana akasema anajua. Akavua joho, akalikunja juu ya kiti, akaenda kizimbani na kula kiapo.

Kwa kuwa mshitakiwa hakuwa tena na wakili, ilibidi amhoji shahidi mwenyewe. Mkalimani wa mahakama alimweleza mzee mara mbili mpaka akaelewa. Gidamis akamgeukia mwanamke yule, ambaye yeye mzee alikuwa amemchukulia kama binti yake. Kisha akauliza, mkalimani akifuata nyuma yake.

"Ulifika kijijini kwetu kuuliza habari ya mkutano?"

"Sikufika, baba."

"Ulimuuliza mtu yeyote?"

"Sikumuuliza mtu."

"Karatasi uliisoma?"

"Sikuisoma. Nilisaini tu."

Hakimu akadhani amemaliza. Lakini mzee akainua tena kichwa.

"Siku hiyo, karatasi za namna hii zilikuwa ngapi?"

Verediana hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Kumi na tano," akasema.

Hukumu ilitoka wiki iliyofuata. Hakimu alisema haikuthibitika kwamba mkutano ulifanyika, kwa hiyo sheria ndogo si sheria, amri haikuwa halali, na mtu hawezi kufungwa kwa kukaidi amri isiyo halali. Mzee Gidamis akaachiwa. Verediana alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wasikilizaji, barua ya kujieleza tayari imo kwenye mkoba wake.

Nje, alimwamkia mzee kwa kichwa kilichoinama. Mzee akaitikia. Hakumshukuru wala hakumlaumu, na Verediana angependa zaidi alaumiwe. Mzee akasema neno moja kwa Fausta, na Fausta akalitafsiri.

"Anauliza wale kumi na wanne kama umekwisha kuwaambia."

Verediana alirudi Mbulu kwa basi. Kabla hata ya kuvua sweta aliketi mezani, akachukua karatasi akaanza kuandika majina ya vijiji vya siku ile, kimoja chini ya kingine. Maximilian alimletea chai, ikapoa. Alifumba macho, akajaribu kuviona vile vibunda juu ya meza, mihuri yake, mwandiko wa kila mtendaji. Chai ya pili nayo ikapoa.

Alikumbuka tisa.